Filamu za zamani kwa mzee asiyeweza kusoma maandishi ya chini: nimwonyeshe nini Jumamosi?

BintiKatuba, Lubumbashi

Ndugu zangu, naomba msaada. Papa yangu ana miaka 78. Kazi yake yote ilikuwa ya reli: alianza kijana akitia makaa, akastaafu akiwa mashinisti, yaani dereva wa treni, wa njia ya Lubumbashi kwenda Kamina. Sasa macho yamechoka. Kifaransa anakisikia, lakini maandishi ya chini ya picha yanapita kabla hajafika katikati. Filamu ambazo wajukuu wanaleta kwenye flashi, zenye bunduki na magari yanayoruka, anazivumilia dakika kumi, kisha anabeba kiti chake anaenda kukaa chini ya mwembe.

Na huyu mzee alipenda filamu tangu utoto! Mapadri walikuwa wanatandaza shuka jeupe usiku, kambi nzima inakusanyika kuwaangalia Matamata na Pilipili, wale wachekeshaji wa filamu zilizopigwa Kasai miaka ya 1950. Mpaka leo akiwasimulia anasimama na kuigiza mwendo wao.

Nina projekta ya kuazima na ukuta wa lupango, uwanja wa nyumba yetu, niliopaka chokaa. Umeme ukiwepo, Jumamosi saa moja jioni tunakaa watu kama kumi na tano, majirani na watoto. Nataka filamu ambayo haitamdai kusoma, lakini isiwe ya kitoto. Niliwahi kumwekea katuni. Hakusema kitu, ila usiku ule hakula bukari yake.

Fundi wa Birere, Goma

Yaya, kwa mashinisti jibu ni moja: The General, ya Buster Keaton, mwaka 1926. Haina sauti ya maneno kabisa, na kadi za maandishi ni chache. Wewe zisome kwa Kiswahili kwa sauti, basi.

Ni habari ya mwendesha treni wa Marekani wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Anataka kuandikishwa jeshini, wanamkataa kwa sababu wanamwona ana faida zaidi akiwa kwenye treni, lakini hakuna anayemwambia hivyo. Mchumba wake anamwona mwoga. Halafu maadui wanaiba treni yake, na mchumba yumo ndani. Nusu ya kwanza yeye anawafukuza. Nusu ya pili ameirudisha treni yake na wao wanamfukuza yeye, kwenye njia ileile. Mtu aliyeishi relini ataisoma ile njia kama kitabu.

Hakuna udanganyifu wa kompyuta mle. Keaton mwenyewe anakaa kwenye lile fito la chuma linalounganisha magurudumu, treni inaondoka, naye anapanda na kushuka nalo. Na mwishoni daraja linaungua, treni ya kweli inaanguka mtoni, huko Oregon. Wakati ule watazamaji hawakuipokea vizuri, studio ikamnyima Keaton uhuru baadaye. Leo inahesabiwa kati ya filamu kubwa kuliko zote. Ni ya zamani kiasi kwamba unaweza kuipakua bila kumwibia mtu. Tafuta tu nakala safi, maana zile zilizofifia zitamtesa macho.

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Naunga mkono, ila kuna jambo moja uwaambie watoto kabla hamjaanza. Yule mwendesha treni yuko upande wa Kusini, upande uliopigana ili utumwa ubaki. Filamu hailisemi. Sisi tulisemee.

Pendekezo langu ni Yaaba, ya Idrissa Ouédraogo wa Burkina Faso, mwaka 1989. Wanaongea Kimoore, lakini picha inajieleza: ardhi nyekundu, watu wawili wanatembea mbali, unajua tayari nani amemkosea nani. Mvulana na binamu yake wanafanya urafiki na bibi ambaye kijiji kimemfukuza kwa kumwita mchawi. Mvulana anamwita Yaaba, yaani nyanya. Huku kwetu nimewaona wazee wakiitwa wachawi kwa sababu tu wameishi kuliko watoto wao. Niliionyesha darasani, na msichana mmoja aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani kumsalimia bibi yake. Nilimruhusu.

Mkitaka muziki, La Vie est belle ya mwaka 1987, Papa Wemba akiwa kijana anayeingia Kinshasa kutafuta bahati. Mmoja wa waongozaji wake wawili, Ngangura Mweze, ni mzaliwa wa hapa Bukavu. Ina Kifaransa kingi, lakini umesema mzee anakisikia.

Mtoto wa Kamalondo, Lubumbashi

Makala, yaani makaa. Ya Emmanuel Gras, Mfaransa, 2017, ilipata zawadi kubwa ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes. Mwanaume wa kijiji cha karibu na Kolwezi anaangusha mti, anachoma makala, anapakia kinga (baiskeli) mpaka haionekani, anaisukuma kama kilomita 50 hadi mjini. Wanaongea Kiswahili chetu! Mzee hatahitaji msomaji.

BintiKatuba

Narudi na habari. Jumamosi iliyopita tuliangalia The General. Mwalimu, nilisema kama ulivyoniambia, na mtoto wa jirani akauliza kwa nini basi tunamwangalia. Papa akamjibu: "Tunaangalia kazi yake."

Na kweli aliangalia kazi. Dakika za kwanza alikuwa kimya, nikaogopa. Ilipofika pale Keaton amekaa kwenye fito, mzee alishika mkono wangu akasema gurudumu likiteleza hapo, mtu anarushwa, hapatikani mzima. Akatueleza kwa nini linateleza: mvuke mwingi, reli yenye unyevu, mashinisti mwenye haraka. Pale Keaton anarusha kuni kwenye behewa na zinaangukia upande wa pili, alicheka mpaka akakohoa, maana siku yake ya kwanza naye alirusha makaa nje. Hilo sikuwahi kulisikia. Na pale anapokaa mbele ya treni, amebeba taruma, na taruma jingine limelazwa relini, anarusha la kwanza juu ya la pili na yote mawili yanaruka nje ya njia, mzee aliomba turudie. Tulirudia mara nne. Majirani hawakulalamika.

Daraja lilipoanguka hakucheka. Alisema, "Wameua mashine nzuri," akavua kofia.

Makala tuliiangalia Jumatano, sisi wawili tu. Ile filamu haina haraka, na mimi nilisinzia kidogo, lakini yeye hakupepesa. Pale mwanaume anasukuma mlimani, vumbi la malori linamfunika, papa aliuliza: "Na huyu mwenye kamera, hakushika hata kitako cha kinga?" Sikuwa na jibu. Bado nalifikiria. Asubuhi yake alimwita muuza makala anayepita barabarani kwetu, akampa maji na kumuuliza ametoka wapi. Miaka yote tunanunua kwake, hatukuwahi kumuuliza. Anatoka upande wa Kasenga, anatembea usiku ili akwepe jua.

Jumamosi hii ni Yaaba. Mwalimu, nakala yangu ina maandishi ya Kiingereza chini, na hapa lupangoni hakuna anayekijua vizuri. Je, unaweza kunitumia kwa ujumbe wa sauti yale mazungumzo ya muhimu, hasa ya yule bibi, ili niyaseme mwenyewe wakati picha inapita?

Mwalimu wa Kadutu

Nitakurekodia leo usiku, mama. Ya bibi nitayasema polepole. Mwambie mzee namsalimia.