Mume wangu ni dereva wa mbunge: mkataba hana, mshahara mpaka aombe

MamaWawili_Dom

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naomba mnisaidie mawazo, maana nyumbani tumeshindwana.

Mume wangu anamwendesha mbunge, huu ni mwaka wa pili. Mbunge mwenyewe simtaji, wala jimbo. Walipatana kwa mdomo tu, laki tatu kwa mwezi, karatasi hakuna. Mwezi ukiisha kimya. Akikumbusha anapewa elfu hamsini, anaambiwa nyingine zinakuja. Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka mwisho wa Juni, mheshimiwa analala hotelini, yeye hana hela ya chumba. Sisi tuko Kondoa, hawezi kurudi kila siku. Analala kwenye gari, anaoga choo cha kulipia, na saa mbili asubuhi anatakiwa mlangoni shati limepigwa pasi.

Mwezi uliopita walitoka jimboni alfajiri, wakapita vikao huku na huku, wakaingia Dodoma usiku wa manane. Akirudisha gari nyuma akagusa nguzo, taa ikavunjika. Mheshimiwa kakata mshahara wote wa mwezi. Watoto wamerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa michango.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu mtu alisimama bungeni akadai madereva wa mabasi wapewe mikataba. Alisema vizuri sana. Mume wangu alikuwa nje kwenye maegesho, anamsikiliza kwa redio ya gari lake.

Je, wote wako hivi? Na tufanye nini?

Usukani_Mzee

Marahaba mama. Pole sana.

Hawako hivyo wote, nakuambia kwa sababu nimeendesha wawili. Wa kwanza aliniandikia mkataba wa kurasa mbili kabla hajanipa ufunguo. Tukifika Gairo kula, tunakaa meza moja, na akiona macho yangu mekundu anasema tulale Morogoro, kikao kitasubiri. Aliposhindwa uchaguzi alinilipa mpaka senti ya mwisho, na msibani kwa baba yangu alikuja, hana tena cheo wala msafara.

Wa pili alitoka chama kilekile cha yule wa kwanza, kwa hiyo msinianzishie mambo ya vyama hapa. Huyo jina langu hakulijua. "Dereva." Mbele ya wapiga kura ananishika bega, ananiita mdogo wangu. Mlango wa gari ukifungwa, basi. Tulikuwa tunatoka Dar saa tisa alasiri, anataka saa mbili usiku awe Dodoma, zaidi ya kilomita 450 zenye vibao vya hamsini kila kijiji. Tochi ya trafiki ya kupima mwendo ikitupiga, faini yangu. Nikiendesha taratibu, matusi yangu.

Watu hawajui kwamba dereva anasikia kila kitu. Anasikia mheshimiwa anavyomjibu mjane aliyepiga simu kuomba nauli ya hospitali, na anavyomjibu tajiri dakika moja baadaye. Mimi nikitaka kumpigia mtu kura sasa hivi, sisomi ilani. Namtafuta dereva wake au dada wa kazi wa nyumbani kwake. Wanasema ukweli ukiwaheshimu.

Kuhusu mshahara: huyo wa pili mwenyewe aliropoka siku moja kwamba hela ya dereva anaingiziwa yeye. Ilikuwa inaingia, haifiki kwangu. Mume wako aandike tarehe zote kwenye daftari. Ujumbe wa simu asifute hata mmoja.

Karani_wa_Chama

Dada, niko chama cha wafanyakazi, nitakujibu upande wa sheria tu.

Kukosa karatasi hakumnyimi haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi, na ikifika kwenye shauri akashindwa kuyaonyesha, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha walipatana nini. Kwa hiyo asiogope kusema laki tatu.

Taa: hawezi kukata mshahara wote. Makato ya uharibifu yana masharti, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza kwanza, na kiasi kisizidi robo ya malipo yake. Tena sheria hiyohiyo inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Aliyeendesha tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, kosa la nguzo lianzie kwa aliyemwamuru.

Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya mshahara ni ndani ya siku 60. Akifukuzwa kazi, ni siku 30. Si lazima awe na wakili.

MzeeWaPugu

Mimi nilikuwa kiwandani Dar mwaka 1971 TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipotoa Mwongozo, tamko lake kuhusu uongozi. Ibara ya 15 ilikataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa anaowaongoza. Tuliijua kwa kichwa. Meneja akimtukana mtu, wafanyakazi wanamsomea ibara, na viwanda vingine waliwafungia mameneja nje ya geti. Serikali haikupenda, wengine walipoteza kazi. Lakini kiongozi alijua kwamba anaowaongoza wanajua kinachokatazwa. Leo hao vijana wa usukani kila mmoja yuko peke yake kwenye gari la bosi wake. Madereva wa mabasi Aprili 2015 waligoma nchi nzima ndipo mikataba ikazungumzwa. Hawa nao wakae pamoja.

MamaLishe_Majengo

Si madereva tu. Kampeni nilipika sahani mia na hamsini za pilau, mgombea akala, akasifia. Pesa nimezungushwa na katibu wake mpaka leo. Nyama nilikopa.

MamaWawili_Dom

Asanteni sana wote. Nimemsomea. Anasema akienda Tume, waheshimiwa wanaambiana, hatapata gari lingine Dodoma. Nimemwambia gari alilonalo halitulishi. Usiku tumekaa tumeandika tarehe, na ujumbe wa kukatwa mshahara bado upo kwenye simu. Karani, hizo siku 60 zinahesabiwa tangu lini?

Karani_wa_Chama

Tangu mgogoro ulipoanza. Kwa makato ya taa, hesabu tangu siku aliyotakiwa kulipwa akakosa. Kwa hiyo muda bado mnao, ila msingoje Bunge liishe. Aende wiki hii, achukue fomu namba moja ya Tume, na hiyo simu aende nayo. Usukani, kama uko Dodoma, msindikize.

Usukani_Mzee

Niko Chang'ombe ya hapahapa Dodoma. Mama, nitumie namba yake faragha.