Ukinyimwa marejesho ya ushuru wa forodha, kwa nini usiende Mahakama Kuu moja kwa moja?

Mzigo Umefika:
Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Umeagiza mzigo, umetozwa ushuru kupita kiasi, umeomba urudishiwe, umekataliwa. Hapa Tanzania huwezi kwenda Mahakama Kuu. Unarudi kwa Kamishna wa Forodha yuleyule kuomba mapitio, kisha Bodi ya Rufani za Kodi (TRAB), kisha Baraza la Rufani za Kodi (TRAT), ndipo Mahakama ya Rufani, na huko nako ni hoja za kisheria tu. Mahakama Kuu imerukwa kama vile haipo. Mimi nina mashine za kukamua alizeti. Wakala wangu akazijaza kwa namba ya HS (namba ya kuainisha bidhaa) ya vyombo vya nyumbani, ushuru asilimia 25, wakati mitambo ya kiwandani ni 0. Juu ya hapo VAT ya asilimia 18 ikapigwa kwenye thamani pamoja na ushuru huohuo. VAT nitaipata kwenye ritani, ushuru je? Fedha ni yangu. Kwa nini nisisikilizwe na jaji?

Wakili Mstaafu:
Ndugu mleta mada, mamlaka ya mahakama hayatokani na uchungu wa mdai, yanatoka kwenye sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229: una siku 30 kuomba mapitio kwa Kamishna, naye ana siku 30 kujibu. Kifungu cha 230: siku 45 kukata rufaa kwenye chombo cha rufani za kodi. Cha 231 kinaitaka kila nchi mwanachama iwe na chombo hicho, na sisi ni TRAB. Mahakama ya Rufani ilishasema kwenye shauri la Mamlaka ya Mapato (TRA) na New Musoma Textiles kwamba wadaawa hawawezi kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Fungua Mahakama Kuu, utapigwa pingamizi la awali kwamba mahakama haina mamlaka, na ukitoka pale siku zako za TRAB zimeshakwisha. Jaji unayemtaka yupo pia, mwenyekiti wa TRAT ni jaji wa Mahakama Kuu.

Halafu tuseme ukweli, TANSAD, ile fomu ya tamko la forodha, alisaini nani? Mnakubali chochote wakala anachojaza ilimradi kontena litoke kabla ya kutozwa storeji bandarini, na bei mnaandika nusu. Hasa mnaopitishia Zanzibar.

Bint Mkunazini:
Hebu wakili ngoja kwanza. Hiyo "hasa mnaopitishia Zanzibar" imetokea wapi? Mada ni mashine za alizeti, wewe umeshafika Malindi, bandarini Unguja. Sisi tunalipa ushuru Unguja, kwa sheria hiyohiyo ya Afrika Mashariki, gari likivuka maji kwenda Bara tunaambiwa kuna "tofauti" ya ushuru ya kulipa. Tofauti ya nini ikiwa ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, limeandikwa kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba? Jibu hilo kwanza ndiyo utuite wezi.

Mzigo Umefika:
Mzee wakili, nusu bei niliandika wapi? Ankara ya kiwanda ninayo, malipo ya benki ninayo, picha ya kibati cha mashine yenye modeli na uzito ninayo. Mashine ina uzito wa ng'ombe wawili, ofisa mkaguzi kaizunguka, kagonga muhuri "chombo cha nyumbani". Nyumba ya nani hiyo?

Kichwa Ngumu TZ:
Hahaha nyumba ya nani hiyo 😂

Kaka wa Kongowea:
Sisi huku Kenya tuko mbele kidogo. Tribunal ya kodi ipo kwa sheria ya 2013, lakini kutoka hapo unaenda High Court, halafu Court of Appeal. Haturuki jaji. Na ukiona KRA, mamlaka yetu ya mapato, imekuonea kabisa, unaingia High Court na petition ya katiba.

Wakili Mstaafu:
Unaingia na unatoka. Mnayo sheria yenu ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015, kifungu cha 9: mahakama haipitii uamuzi mpaka njia za ndani ziishe. Majaji wenu wanaitumia kila wiki kuwarudisha watu kwenye Tribunal. Na msimamo wenyewe ni wa zamani, uko tangu kesi yenu ya Spika wa Bunge na Njenga Karume ya 1992.

Kaka wa Kongowea:
Kila wiki umehesabu wewe? Kifungu hichohicho kina exemption kwa hali ya kipekee, hiyo umeificha. Shida ya wakili wa Bongo ni kuheshimu pingamizi kuliko haki.

Kichwa Ngumu TZ:
Na shida ya Mkenya ni kushtaki mpaka mvua.

Kaka wa Kongowea:
Na ndiyo maana serikali yetu inatuogopa. Yenu je?

Msomaji wa Vifungu:
Jamani, kuna kitu mnakiruka. Kifungu cha 229(5): Kamishna asipokujibu ndani ya siku zake 30, anahesabiwa amekubali ombi lako. Amekubali! Mleta mada, uliomba mapitio lini, na ulijibiwa kwa maandishi lini? Inawezekana ulishashinda zamani na huhitaji mahakama yoyote.

Bint Mkunazini:
Wakili bado hajanijibu.

Wakili Mstaafu:
Dada yangu, sikumtukana Mzanzibari yeyote. Nimesema njia inatumika. Thamani inayokubaliwa upande mmoja ikiwa chini, upande wa pili unakadiria upya, hiyo ndiyo "tofauti" yenyewe. Ni hesabu tu, siyo siasa.

Bint Mkunazini:
Basi kama ni hesabu, mbona mkosefu ni mnunuzi kila siku? Aliyekadiria Unguja ni ofisa wa mamlaka hiyohiyo. Kakosea yeye, analipa mwenye gari. Haya, nikilipa hiyo tofauti kisha nikaona nimeonewa, mie wa Mkunazini nadai wapi? Nipande boti niifuate bodi Dar, au nina pa kwenda hapa hapa? Hili ndilo swali la mamlaka ya mahakama, na hakuna hata mmoja wenu aliyeligusa.

Pwani Mchangamfu:
Dada apewe maua yake 👏🏾

Mtanzania Houston:
Huku Marekani jambo hili wamelimaliza kwa kuwa na mahakama kamili ya ushuru wa uagizaji, ya majaji kweli, ipo New York. Ushuru wa Trump wa 2025 ulipopingwa, waagizaji wengine walianzia pale. Wengine wakafungua mahakama ya shirikisho ya wilaya ya Washington, serikali ikaja na hoja ileile ya wakili wetu, kwamba hapa si mahali pake. Mabishano ya "twende wapi" hayapo Bongo tu.

Kichwa Ngumu TZ:
Mkuu ukienda nje hata pingamizi la awali linanukia marashi.

Mtanzania Houston:
Sijasema wao ni bora. Nimesema mahakama yao ni mahakama. Yetu ni bodi ambayo wajumbe wake wanateuliwa na Waziri wa Fedha, mtu yuleyule ambaye makusanyo ni kazi yake.

Wakili Mstaafu:
Mwenyekiti wa Bodi anateuliwa na Rais. Na majaji wa Mahakama Kuu wanateuliwa na nani, malaika? Kijana, kaa Houston.

Mtanzania Houston:
Nina miaka hamsini na nane, mzee wangu. Ujana nimeuacha Tanga.

Mchumi wa Kariakoo:
Mimi namtetea wakili kwenye moja. Mahakama Kuu ikifunguliwa kwa kila dai la ushuru, nani atasubiri? Jaji wa kawaida hajui tofauti ya viwango vya ushuru vya asilimia 10 na 25 na ile 35 iliyokuja Julai 2022. Atahitaji mtaalamu, mtaalamu anahitaji posho, na mtaji wako umekaa kwenye jalada. TRAB angalau uainishaji wa bidhaa wanaujua. Linaloniuma ni riba. Wewe ukichelewa kulipa ushuru unapigwa asilimia 2 kwa mwezi. Wao wakichelewa kukurudishia? Nionyesheni kifungu.

Kaka wa Kongowea:
Kwa hiyo haki isubiri kwa sababu jaji hajui bei ya mashine? Jaji wa mauaji naye aliwahi kuua?

Mchumi wa Kariakoo:
Usinilishe maneno.

Kijana wa Sheria:
Ibara ya 107A(2)(e) ya Katiba: mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Kesi imekwisha.

Wakili Mstaafu:
Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anakuja na 107A mkononi. Mamlaka si ufundi, mwanangu. Ni mlango. Mahakama isiyo na mamlaka hata ikikupa ushindi, ushindi huo haupo.

Mtetezi wa Jumuiya:
Twendeni Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki. Sheria ni ya Jumuiya, mahakama ni ya Jumuiya.

Msomaji wa Vifungu:
Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inakupa miezi 2 tu, na wanaangalia kama Mkataba umevunjwa. Wakala wako kukosea namba ya HS si kuvunja Mkataba. Mleta mada, nauliza tena, uliandika lini? Kifungu cha 144 kinataka dai la marejesho liletwe ndani ya miezi 12 tangu ulipolipa, lakini saa ya siku 30 za mapitio inaanza na uamuzi wa kukukatalia. Ni saa mbili tofauti, usizichanganye.

Mzigo Umefika:
Nilienda ofisini nikaambiwa kwa mdomo "haiwezekani, ulishatoa mzigo". Karatasi sina.

Msomaji wa Vifungu:
Kwa hiyo hujakataliwa bado. Peleka barua leo, ambatanisha TANSAD, ankara na ile picha ya kibati, nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi. Bila muhuri huna tarehe, na bila tarehe hiyo 229(5) haikusaidii.

Bint Mkunazini:
Na afanye haraka kabla wakili hajamwambia mashine imepitia Zanzibar.

Wakili Mstaafu:
Dada, naomba uje inbox tuzungumze kama watu wazima.

Bint Mkunazini:
Umenitukana hadharani, unataka suluhu ya uchochoroni? Andika hapa hapa.