Nimesasisha kerneli lakini uname -r haijabadilika. Dirty Pipe bado inanihusu?

Ramla_Tanga

Habari za jioni wakuu. Natunza seva mbili za chama cha kuweka na kukopa hapa Tanga, moja ina mfumo wa Linux wa Debian 11, nyingine Debian 10. Ile ya kwanza ndiyo ina hesabu za wanachama, na vijana watatu wa ofisini wanaingia kwa SSH na akaunti za kawaida kuchukua ripoti. Tangu Machi 7, 2022 sina raha, maana Dirty Pipe (CVE-2022-0847), tundu la usalama kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, inamwezesha mtumiaji wa kawaida kugeuka ruti, mwenye mamlaka yote ya mashine.

Jana nimefanya apt update na apt upgrade, zikaisha vizuri. Leo mkaguzi tuliyemwita kapitisha skana yake, ripoti inasema kerneli lazima iwe 5.10.102 kwenda juu. Mimi nikiandika uname -r kuuliza toleo la kerneli napata 5.10.0-11-amd64, ile ile ya juzi, na apt inasema hakuna kipya cha kusakinisha. Nishike lipi? Meneja anataka jibu kesho asubuhi.

Jabali85

Dada, shusha 5.16.11 kutoka kernel.org uijenge mwenyewe. Zilizozibwa ni 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Laptop yangu niliimaliza jioni moja.

Kisima_Dodoma

Jabali, kwa laptop yako sawa. Kwa seva yenye pesa za watu naomba sana asifanye hivyo. Akishaijenga mwenyewe, viraka vya Debian havimfikii tena kwenye kerneli hiyo, na kila tundu litakalotokea baadaye atakuwa analiziba peke yake.

Dada Ramla, hiyo 5.10.102 ni namba ya wanaotunza kerneli yenyewe, na kwao ni sahihi. Debian hawakuhamia huko. Walichukua kile kiraka wakakishonea kwenye 5.10.92 waliyokuwa nayo, wakaiita 5.10.92-2. Skana inayolinganisha namba tu itakupigia kelele hata ukiwa salama. Na uname -r safari hii haikufai kabisa, kwa sababu 5.10.92-1 yenye tundu na 5.10.92-2 iliyozibwa zote mbili zinajitaja 5.10.0-11-amd64.

Endesha hizi mbili, ya kwanza itaje kerneli inayofanya kazi, ya pili zilizosakinishwa, uniwekee majibu hapa:

uname -v
dpkg -l 'linux-image-5.10*'

Ramla_Tanga

Ya kwanza: #1 SMP Debian 5.10.92-1 (2022-01-18)

Ya pili inaonyesha linux-image-5.10.0-11-amd64 toleo 5.10.92-2, na chini yake kuna 5.10.0-10 ya zamani.

Kisima_Dodoma

Basi tundu liko wazi mpaka dakika hii. Kiraka kimefika kwenye diski, lakini kerneli inayofanya kazi sasa hivi ni ile iliyopakiwa kwenye kumbukumbu siku ulipoiwasha mashine. Apt haiwezi kuigusa hiyo. Mpaka uwashe upya.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka 2016 nilikuwa natunza maabara ya kompyuta ya wanafunzi. Dirty COW ilipotangazwa Oktoba, tundu lililokuwa kwenye kerneli tangu 2007, nilisakinisha kiraka siku mbili baadaye na kumwandikia mkuu wangu kwamba tumemaliza. Katikati ya Novemba asubuhi moja nenosiri la ruti likakataa. Nilipofungua /etc/passwd, faili la orodha ya akaunti, mstari wa kwanza, mahali pa root, palikuwa na jina ambalo sijawahi kuliona. Nikaandika uptime, kuuliza mashine imewaka kwa muda gani: siku 61. uname -r ikasema 4.4.0-36, wakati iliyozibwa ya Ubuntu 16.04 ilikuwa 4.4.0-45, nayo imelala kwenye diski karibu mwezi mzima. Mashine zote za maabara ile tulizifuta na kuanza upya, na kazi za wanafunzi wa mwaka wa tatu zilizokuwa humo hazikurudi zote. Tangu hapo sisemi "nimeziba" kabla sijaisoma uname baada ya kuwasha.

Jabali85

Nimekuelewa mkuu, nafuta ushauri wangu. Ila nieleze kitu kimoja. Nimekiona kiraka chenyewe, mistari miwili, yote inasema buf->flags = 0. Hiyo tu?

Kisima_Dodoma

Hiyo tu, na ndipo ninapoiheshimu kazi ya aliyeigundua.

Bomba la Linux, njia ya programu moja kuipitishia nyingine data, ni mzunguko wa nafasi, kwa kawaida 16, kila nafasi inashikilia ukurasa wa kumbukumbu wa baiti 4096. Kila nafasi ina alama zake, na mojawapo inasema "ukurasa huu haujajaa, ruksa kuongezea humu". Ukiandika kwenye bomba kwa njia ya kawaida, alama hiyo inawekwa, na ni halali kwa sababu ukurasa ni wa bomba lenyewe. Lakini ukitumia splice() kumimina faili kwenye bomba, kerneli hainakili chochote: inaupachika ukurasa wa faili lenyewe, ule ule uliomo kwenye kache, yaani nakala ya faili iliyo kwenye kumbukumbu, na unaosomwa na programu zote. Alipoipachika, mwandishi wa msimbo hakuzifuta alama za aliyetangulia kwenye nafasi ile. Ni sawa na karani anayepokea daftari la mtu mwingine, akaliweka kwenye jalada ambalo bado lina mhuri wa jana, "endelea kuandika humu". Anayefuata anaandika, na maandishi yanaingia kwenye faili ambalo alikuwa na ruhusa ya kulisoma tu.

Kosa la kutofuta lilikuwepo tangu 4.9, lakini halikuwa na madhara mpaka 5.8, ile alama ilipoingizwa.

Max Kellermann, wa kampuni ya Ujerumani inayohifadhi tovuti, hakuwa akitafuta udhaifu. Mteja alilalamika kwamba faili la logi lililobanwa kwa gzip halifunguki. Akalirekebisha, baada ya miezi likaharibika jingine, kisha jingine. Alipoyakusanya akaona yaliyoharibika mengi ni ya siku ya mwisho wa mwezi, na kinachoharibika ni baiti 8 za mwisho, zinazoanza na herufi PK, yaani mwanzo wa kichwa cha faili la ZIP. Angeweza kulaumu diski. Alifuata mpaka akaandika programu mbili fupi za C zinazolirudia kosa lile. Februari 20, 2022 akawapelekea timu ya usalama ya kerneli, na Februari 23 matoleo yaliyozibwa yakatoka.

Ramla_Tanga

Ahsante sana kaka. Sasa mchana siwezi kuwasha upya, dirisha la malipo liko wazi mpaka saa kumi. Nifanye nini kwa sasa?

Kisima_Dodoma

Wafungie wale vijana watatu mpaka jioni. Usitumie usermod -L, hiyo inafunga nenosiri tu, mwenye ufunguo wa SSH anapita. Tumia usermod -e 1 jina, halafu pkill -KILL -u jina kuwatoa walio ndani. Waambie kwanza, wasije wakapoteza ripoti. Kama kuna tovuti kwenye seva hiyo, izime pia, kwa sababu akiingiliwa mtu kupitia tovuti, naye ni mtumiaji wa kawaida kama wao.

Kabla ya kuwasha upya, tazama mstari wa root ndani ya /etc/passwd. Baada ya nukta mbili za kwanza iwepo x peke yake. Mashambulizi yaliyosambaa yanaandika nenosiri pale pale, kuanzia baiti ya tano, kwa sababu tundu hili haliruhusu kugusa baiti ya kwanza ya ukurasa. Tazama sasa, usingoje: mabadiliko haya yanaweza kuwa kwenye kache tu bila kufika kwenye diski, na ukiwasha upya ushahidi unapotea.

Saa kumi ikipita chukua nakala ya hifadhidata, kaa mbele ya mashine yenyewe na skrini na kibodi, uwashe. Ikigoma, kwenye menyu ya GRUB, ile ya kuchagua kerneli wakati wa kuwasha, chagua 5.10.0-10. Nayo ina tundu, ni ya kukuokoa tu. 5.10.92-1 hutaiona pale, imefunikwa na mpya kwa kuwa jina ni moja.

Ramla_Tanga

Nimerudi nyumbani sasa hivi. Mstari wa root ulikuwa na x, nimeupiga picha kabla ya kuzima. Imewaka mara ya kwanza:

#1 SMP Debian 5.10.92-2 (2022-02-28)

Vijana nimewarudishia akaunti kwa usermod -e ''. Mkaguzi nimemtumia hiyo uname -v pamoja na taarifa ya Debian, DSA-5092. Amekubali kurekebisha ripoti. Je, ile seva ya Debian 10 niiwashe upya usiku huu huu?

Kisima_Dodoma

Hongera dada. Debian 10 ina kerneli 4.19, iko chini ya 5.8, Dirty Pipe haiigusi. Lakini niandikie uptime yake.

Ramla_Tanga

Siku 212.

Kisima_Dodoma

Basi kesho saa kumi, ukae tena mbele yake. Ndani ya siku 212 zimetoka kerneli nyingine za 4.19 zenye viraka vyake, na hakuna hata moja inayofanya kazi humo.