Mrejesho: kuhamisha krediti za AAT (Associate of Arts in Teaching, shahada ya awali ya ualimu ya miaka miwili) kwenda shahada ya ualimu, Texas

Wadau, niliuliza kama krediti 60 za chuo cha jamii (community college) Texas zitapokelewa kwenye shahada ya kwanza ya elimu. Inategemea una shahada gani ya miaka miwili. AAT, ile ya ualimu, hupokelewa yote na vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo vinavyoandaa walimu. AAS (Associate of Applied Science), ya ufundi, haina uhakika huo, na hapo ndipo watu hupoteza mihula mizima, inauma kweli.

Masomo ya msingi ya lazima kwa kila mwanafunzi (core curriculum), krediti 42, yamalizeni kabla ya kuhama: yakikamilika huhama kama fungu moja, yakiwa nusu chuo kipya hukudai yaliyobaki kwa orodha yake. Somo likikataliwa, peleka silabasi, omba lipitiwe upya. Asanteni sana mlionielekeza.