Mrejesho: ofisi ya Kigoma, watu 14 na meza 8

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niliomba ushauri hapa jinsi ya kugawana meza na kupata mahali pa simu katika ofisi yetu ya Mwanga, mjini Kigoma: tuko 14, ila wengi wanashinda Kasulu na Kibondo au wanafanyia kazi nyumbani siku mbili tatu kwa wiki. Meza zilijaa vumbi, na mmoja akipiga simu ya video chumba kizima kinasimama.

Tumebakiza meza 8, na karibu zote tunazitumia kwa zamu. Kila mtu ana kabati lenye kufuli, na Ijumaa anaandika ubaoni siku atakazokuja.

Kilichonifurahisha zaidi ni chumba cha simu, kilichokuwa stoo. Mlionikataza kuweka vioo humo mlikuwa sahihi kabisa: kioo na vigae vinarudisha sauti, unasikika kama uko ndani ya pipa. Tumetandika zulia, tumeweka mapazia mazito na rafu ya mafaili ukutani, na fundi ameziba upenyo chini ya mlango. Mwangwi umepungua sana. Kamera iko usawa wa macho, na dirisha liko mbele ya anayeongea. Zamani lilikuwa nyuma, jua la jioni la upande wa ziwani likitugeuza vivuli.

Umeme ukikatika, betri inabeba ruta na taa tu. Inatosha.

Mhasibu wetu sikumgusa. Mama yule ana nyaraka za siri na anakuja kila siku. Kumhamishahamisha niliona ni kumkosea heshima. Kwa hiyo ana meza yake, na meza za zamu ni 7. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza nianze na stoo.