Eti "njoo na ndoo"! Huyu jamaa wa kikao cha jana ana dharau iliyopitiliza

Kandambili Moja (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naandika huku mikono inatetemeka. Mkikuta herufi zimerukwa mnisamehe, na mkikuta matusi mjue nimeshayapunguza.

Jana kikao, kile cha mambo ya bandari na fukwe. Mnakijua. Na jamaa mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule anayevaa kofia ngumu ndani ya ukumbi wenye dari zima, sijui anaogopa feni. Aliyewaambia wenzetu wavuvi wa madema kwamba samaki "watajipanga".

Mimi nakodisha viti na miavuli ufukweni, upande wa Kunduchi. Ufukwe wenyewe umebaki upana wa kanga. Bamvua, yaani maji makuu, ikija, mteja anaagiza chipsi akiwa mkavu, zikifika mezani ana maji magotini na samaki wanamchungulia sahani. Miavuli mingine naifuata kisiwani Mbudya. Wazee wetu waliijua hoteli ya Africana, wakaingia, wakala, wakacheza muziki. Sisi tumerithi jina la kituo cha daladala, hoteli ilishaliwa na bahari.

Basi nikanyoosha mkono. Kwa adabu zote alizonifunza mama. Nikasema: mheshimiwa, bandari ya Dar imechimbwa ili meli kubwa ziingie, gati namba 1 hadi 7 zimeshushwa mpaka mita 14.5, na kinachochimbwa kinaenda kumwagwa baharini mbali. Huku kwetu fukwe zinakonda. Kwa nini ule mchanga ulio safi usiletwe huku? Swali hilo lina tusi gani? Hata mtoto wa madrasa angeweza kuliuliza mbele ya mwalimu.

Jamaa akamalizia kwanza sambusa yake. Akajifuta mafuta ya vidole kwa kipeperushi cha mradi, tena ule ukurasa wenye picha ya minazi na mchanga mweupe. Akavuta kipaza sauti, akasema: "Mzee wangu, ukitaka mchanga njoo na ndoo."

NJOO. NA. NDOO.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dada wa soda aliweka kreti chini ili acheke kwa nafasi. Mwenyekiti wa kikao alijifanya anakohoa. Na jamaa mwenyewe alianza kucheka kabla hajafika kwenye "ndoo", kwa hiyo neno lenyewe lilitoka limelowa mate na nyama ya sambusa. Halafu hiyo "mzee wangu"! Yule bwana amenizidi umri kiasi kwamba angeweza kunibeba mgongoni siku ya Uhuru.

Usiku mke wangu kaniomba nimsogezee ndoo bafuni. Nikatoka nje nikakaa na mbu.

Naomba kuwasilisha. Ndoo!

Bamvua Kuu

Pole sana mkuu. Kabla hatujaanza kuchangia, alimaanisha ya lita 10 au ya 20?

Chura wa Msasani

Bila picha hii ni chai. Weka picha ya sambusa.

Kandambili Moja

Chekeni tu. Zamu yenu inakuja. Mimi nilisimama mbele ya watu na kipaza sauti kinachopiga kelele, nikauliza swali la maana, nikajibiwa na vyombo vya usafi.

Dada Pilipili

Mimi nilikuwepo. Nilicheka pia, sitakudanganya kaka yangu. Ila ile ya kujifutia kipeperushi iliniuma, maana sisi wa nyuma tuliambiwa vimeisha.

Baharia Mstaafu

Vijana, tulieni niwaeleze kitu, halafu mrudi kwenye ndoo zenu.

Meli ya kuchimba inashusha bomba mpaka sakafu ya bahari na kunyonya kila kilichopo: mchanga, tope, vipande vya matumbawe, wakati mwingine na nanga ya mtu. Vinaingia ghalani pamoja na maji, maji yanamwagika juu, vizito vinabaki. Ikijaa, inakwenda ilikoelekezwa na kufungua milango ya chini. Kama mzigo ni wa ufukweni, ule ule unachanganywa tena na maji na kusukumwa nchi kavu kwa bomba, au unarushwa kutoka mbele ya meli kwa upinde. Inawezekana kabisa, na si jambo jipya.

Nimeona Durban kwa macho yangu. Pale mchanga wa pwani unatembea kutoka kusini kwenda kaskazini. Mlango wa bandari na kuta zake umekata njia, kwa hiyo mchanga unarundikana kusini na fukwe za mjini, zilizo kaskazini, zinanyimwa. Wanafanyaje? Wamechimba mtego wa mchanga kusini mwa mlango, meli inauchota, unasukumwa kwa mabomba hadi kwenye fukwe. Hawamfadhili mtu. Bandari imeziba njia ya mchanga, basi inawajibika kuuvusha. Australia kwenye mlango wa mto Tweed wana mitambo ya kudumu inayouvusha hivyo hivyo tangu 2001.

Sasa Dar. Ndani ya bandari yetu si wote mchanga. Mto Mzinga unaingia humo na tope lake, na tope hilo ukilimwaga Kunduchi utapata ufukwe wa kufinyangia vyungu. Maji yatachafuka wiki kwa wiki, majani ya bahari yafunikwe, na matumbawe ya Mbudya yakose mwanga. Mchanga wa kurudishia ufukwe unatakiwa uwe na chembe zinazolingana na za pale, au kubwa kidogo. Ukiweka laini zaidi, msimu mmoja tu wa upepo wa kusi na umekwenda zake. Kwa hiyo lazima upime: huku chembe gani, kule chembe gani, kuna mafuta, kuna madini mazito ya viwandani? Ulio safi unatengwa. Wenye tope unakwenda mbali.

Kandambili Moja

Kwa hiyo unamtetea?

Baharia Mstaafu

Hata kidogo. Hayo niliyoandika yanasomeka kwa dakika mbili. Yeye alikuwa na kipaza sauti, muda na posho, akachagua ndoo.

Kandambili Moja

ASANTE. Tena na posho! Mimi nilipanda daladala mbili nikaenda kuitiwa ndoo bure.

Lori Halilali

Mnasumbua watu bila sababu. Mchanga wa fukwe zenu haupo bandarini, uko kwenye kuta za nyumba zenu. Ufukwe wa Kunduchi ulikuwa unalishwa na mito: Tegeta, Mbezi na vijito vyake. Mvua ikinyesha mto unashusha mchanga, bahari inausambaza. Kwa miaka na miaka watu wameingiza malori mitoni usiku na mchana. Mto umebaki makorongo, utashusha nini? Mleta uzi, hebu tuambie, nyumba yako umejenga kwa makuti?

Bamvua Kuu

Na jina lako ni Lori Halilali. Huu ni ushahidi au ungamo?

Lori Halilali

Jina ni la ujana.

Chura wa Msasani

Umesahau na wenye mahoteli. Kila mmoja anajenga ukuta wake wa mawe kuelekea majini, mchanga unanasa kwake, jirani wa kaskazini anabaki na mizizi ya minazi inaning'inia. Jirani naye anajenga wake. Wa mwisho ndiye anayekodisha viti majini.

Kandambili Moja

Wa mwisho ndiye mimi. Na ndiye niliyeambiwa nije na ndoo.

Mwana Kilindini

Nyie wa Dar mwalilia ndoo? Mwapewa hata ndoo? Sisi huku Kenya mchanga wetu wachukuliwa. Wakati wa reli ya SGR meli zilikuja pwani ya Kwale, upande wa Waa na Tiwi, zikawa zanyonya mchanga wa baharini kupeleka Mombasa kujazia ardhi. Wavuvi wakapiga kelele, wenye hoteli wakapiga kelele, watu wakenda mpaka kwenye baraza la mazingira. Mwadai mchanga utoke bandarini uje ufukweni, kwetu ulitoka kwetu ukenda bandarini. Tubadilishane shida basi.

Pwani ya Lamu Damu

Bora ninyi mliopiga kelele tu. Lamu bahari ilichimbwa kwa ajili ya bandari mpya, wavuvi wakakosa mahali pa kutega, wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Malindi ikawapa wavuvi zaidi ya elfu nne fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Mkadhani wamelipwa kesho yake? Ikaja rufaa, yakaja mazungumzo, sehemu iwe taslimu na sehemu iwe vifaa. Meli ya kwanza ilitia nanga bandarini Mei 2021, mvuvi alikuwa bado anahesabu vikao.

Dada Pilipili

Vikao hivyo vilikuwa na sambusa?

Msomi wa Ughaibuni

Habari wanajamvi. Niko Uholanzi kimasomo. Huku mwaka 2011 walimwaga mchanga wa mita za ujazo milioni 21.5 sehemu moja tu karibu na Den Haag, ukawa kama rasi iliyochomoza baharini, halafu wakaacha upepo na mikondo isambaze yenyewe kwenye fukwe za pande zote. Wanauita Zandmotor. Mimi nimetembea pale, kuna watu wanarusha tiara. Kwa nini sisi tusi...

Chura wa Msasani

Haya kaanza. Mtu kapanda ndege mara moja, sasa bahari yetu haimtoshi.

Baharia Mstaafu

Kijana hajakosea, ila amalize hadithi. Uholanzi wana pesa za kumwaga na kurudia, kwa sababu kurudishia mchanga ni kazi isiyokwisha. Gambia pale Kololi walimwaga mchanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuokoa fukwe za watalii. Miaka michache bahari ikachukua sehemu kubwa. Mkondo ulioondoa wa kwanza ulikuwepo pale pale. Ukitaka kufanya Kunduchi, panga na bajeti ya kurudia.

Bamvua Kuu

Kurudia kwa ndoo hiyo kazi ni ya wajukuu.

Kandambili Moja

Bamvua wewe nitakutafuta.

Msimamizi wa Jukwaa

Kumbusho: tusitaje majina ya watu.

Dada Pilipili

Kuna mtu ametaja?

Msimamizi wa Jukwaa

Naona wote mnamjua, nikapata wasiwasi.

Sina Makuu

Mimi naomba nitoke nje ya mada kidogo. Hizi habari za mchanga wa baharini zimenikumbusha fundi wangu, Mungu anamwona. Nilimpa hela ya mchanga wa mto, akaenda kuchota ufukweni usiku. Plasta ikapigwa, ikapendeza, nikamsifia mbele ya wakwe. Masika ilipoingia ukuta ukaanza kutoka jasho. Unga mweupe unachanua kuanzia chini, rangi inabanduka vipande vipande, ukigusa ukilamba ni chumvi tupu. Nondo za lenta nazo zimeanza kutu, zege linapasuka.

Lori Halilali

Ulilamba ukuta?

Sina Makuu

Wewe hujawahi kutapeliwa ndiyo maana unauliza.

Fundi Saruji

Mkuu hiyo plasta usiipake rangi juu, utapaka kila mwaka. Banjua yote mpaka tofali lionekane, acha ukuta upigwe na hewa, piga upya na mchanga wa mto uliochekechwa. Na lenta kama imepasuka usiifunike, nondo inaendelea kuliwa humo ndani. Mchanga wa bahari unajengewa kama umeoshwa kwa maji yasiyo ya chumvi mpaka chumvi itoke. Fundi gani huku mtaani anaosha mchanga?

Dada Pilipili

Fundi gani huku mtaani anaosha hata ndala zake?

Kandambili Moja

Wakuu samahani, uzi ulikuwa wa yule jamaa.

Chura wa Msasani

Tulia mzee wangu, watu wana nyumba zinatoka jasho.

Sina Makuu

Fundi Saruji asante. Tripu ya mchanga wa mto sasa hivi inauzwaje? Wa juzi aliniletea lori limejaa nusu, nusu nyingine maji. Kalowanisha makusudi uonekane mwingi.

Fundi Saruji

Usinunue kwa kuangalia. Panda juu ya lori, choma fito mpaka chini, angalia kimo pande zote nne kabla hajabinua. Akikataa usipande, mwambie ageuze.

Lori Halilali

Sisi wengine hatuweki maji. Njoo PM.

Pwani ya Lamu Damu

Huyu ndiye aliyemaliza mto Tegeta, sasa anatafuta wateja humu humu.

Lori Halilali

Nilisema jina ni la ujana. Biashara sikusema.

Mwana Kilindini

Na kokoto je? Shemeji yangu ajenga Bunju, kila auliziapo apewa bei yake.

Fundi Saruji

Inategemea ni za wapi. Kwa zege la nguzo chukua za Lugoba, ngumu na hazinywi maji. Zile nyeupe za Kunduchi Mtongani mwachie afanyie jamvi la banda la kuku.

Sina Makuu

Kuku wenyewe nao wanataka kuta zisizo na chumvi. Mwenye fundi wa mabanda mwaminifu anitajie, awe wa Tegeta au Boko, wa mbali nauli inanimaliza.