Dole gumba! Nimemlipa hela yangu, ananijibu DOLE GUMBA!

Wakuu, moda usiuunganishe huu uzi na ule wa hosting (kukodi nafasi ya tovuti kwenye seva). Huu ni wa mtu. Jina silitaji, mnamjua: bingwa wa kila mada, hajawahi kusema "sijui" tangu azaliwe.

Nilimpa kazi aniwekee WordPress, ile programu ya kuendeshea tovuti. Waliotengeneza wenyewe hujisifu ni kazi ya dakika 5. Huyu bwana kakaa nayo mpaka nimeanza kuota mvi za nyusi.

Leo kaniambia tayari. Nafungua: ukurasa mweupe peee, sentensi moja juu kwamba databesi haiunganiki. Nikajikaza. Nikamwandikia kwa adabu zote, salamu kwanza: nimeangalia wp-config.php, faili la mipangilio, kwenye DB_NAME (jina la databesi) umeweka "tovuti" tupu, wakati cPanel, paneli ya hosting, imetanguliza jina la akaunti na kistari cha chini. Halafu yuza hujamuunganisha na databesi yenyewe. Naomba urekebishe.

Akajibu dole gumba.

Si "sawa". Si "naangalia". Dole, la njano, kisha huyoo, hewani hayupo.

Mafolda yote kayapa ruhusa ya 777, yeyote aliyemo kwenye seva ajiandikie atakacho. Ningemezea. Nenosiri kaweka admin123. Hilo nalo ningemezea. Ila lile dole, wakuu! Aya nzima zile, dole!

kistari_cha_chini: Mkuu, kosa umeliona, mstari umeuona. Si uandike hayo maneno mawili ulale?

Mleta uzi: Nimelipa ili niandike mwenyewe? Na dole je?

BabaCache: Shukuru umepata dole. Mimi tiki mbili za buluu, basi.

nodi7: Ndiyo maana tunawaambia wekeni Drupal badala ya WordPress.

BabaCache: Drupal? Composer, ile ya kuisakinishia, ikianza kula memori kwenye hosting ya bei chee utamkumbuka huyo wa dole.

nodi7: Drupal ipo tangu 2001, hiyo yenu 2003. Heshimuni wakubwa.

picha_haipandi: Samahani wakuu, tovuti yangu inakataa picha ikizidi 2M (megabaiti 2). Msaada.

kistari_cha_chini: Pandisha upload_max_filesize (kikomo cha faili) kwenye php.ini, faili la mipangilio ya PHP, lugha inayoendesha tovuti yako, na post_max_size (kikomo cha mzigo mzima unaotumwa) iwe kubwa zaidi ya hiyo.

Mleta uzi: Jamani, dole gumba…

picha_haipandi: Nimepandisha, bado 2M.

kistari_cha_chini: Utakuwa umegusa php.ini ya terminali (dirisha la kuandikia amri), ya tovuti ni nyingine. Tengeneza faili la phpinfo(), litakuonyesha ipi inasomwa. Ukimaliza lifute, usiwaachie wezi ramani.

picha_haipandi: Kweli, ni nyingine! Nimebadilisha. Bado 2M.

BabaCache: PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP ya tovuti, umeiwasha upya?

picha_haipandi: Hiyo inakaa wapi?